Harage Mfukoni

Nilikwenda kwa ajili ya posho, sitaficha.
Elfu tano, soda, na maandazi mawili.
Tena nilikuwa namdai Bi Mwavita:
wiki iliyotangulia alikuja kibandani kwangu, Keko,
akaagiza kitu cha mninga,
akaonyesha urefu wake kwa viganja viwili
na kuangua kicheko kabla sijauliza.
Nilidhani mchi wa kinu.
Nikaupiga msasa hadi ukang'aa.

Jumamosi nikaukuta mezani,
ofisi ya serikali ya mtaa, chini ya kalenda ya mwaka juzi,
umevalishwa kondomu,
na Shomari muuza kahawa
anafundishwa kuibana ile ncha ili hewa itoke.
"Nani kachonga hiki? Kina afya!"
Nikatazama dari.

Kisha tukasukuma viti ukutani.
Bi Mwavita hakuleta hotuba. Alileta kilo ya maharage
na akaomba chaki. Mimi fundi:
sikioni penseli, mfukoni chaki.
"Chora mtaa. Nyie wengine mwelekezeni."
Nikapiga magoti sakafuni.
Barabara. Mfereji. Msikiti. Kiwanda kilichofungwa.
"Choo cha kina Kondo umekisahau!"
"Na lile duka la simu, siku hizi ni baa!"
Mtaa ukatoka vinywani mwao
ukapita mkononi mwangu.

"Sasa kila mtu aweke harage
pale anapodhani virusi vinapatikana."
Vijana wa bodaboda wakajaza gesti.
Kina mama wakajaza baa.
Ustadhi akaweka lake kwa ncha za vidole
nyuma ya stoo ya mbao. Stoo ya nani? Yangu.
Tulicheka sana.
Kila mmoja alimwekea mwenzake.

Semeni hakuwa amesema neno tangu asubuhi.
Hushona mashuka, mlango wa nne kutoka kwangu.
Aliinuka, akavua kandambili asifute chaki,
akaipita gesti, akaipita baa, akauruka mfereji,
akainama, akaweka harage lake
juu ya nyumba yake mwenyewe.

"Hapa," akasema. "Kitandani.
Kwa mume wa mahari na mashahidi.
Mwaka wa sita huu nameza dawa,
na hiyo gesti yenu sijui hata mlango wake unaelekea wapi."

Feni ikalia peke yake.
Kiti kimoja kilisogea mbali naye kidogo;
Bi Mwavita akakitazama
mpaka kikarudi.

Kile kitanda nilikitengeneza mimi.
Futi tano kwa sita, maua mawili kichwani.
Namkumbuka marehemu mumewe akikigonga kwa ngumi:
"Kitabeba?"
"Kitabeba, bwana."

Mimi ni mtu wa kupima.
Napima mbao, napima godoro,
napima mlango kabla kabati halijafika.
Futi kamba hainitoki kiunoni.
Sijawahi kupimwa.

Wakati wa soda hakuna aliyefuta ramani.
Tuliizunguka kwa nyayo nyepesi,
kama sebuleni palipolala mtoto.
Semeni alikunywa yake taratibu, akaomba ya pili, akapewa.
Harage langu mimi sikuliweka.
Nililifumbata hadi likapata joto,
nikalitia mfukoni, nikasaini posho.

Leo Jumanne. Mke wangu anafua.
Suruali imelowekwa tangu jana;
amegeuza mfuko, kitu kimedondoka kwenye beseni,
kimevimba, ganda limeanza kupasuka.
"Harage hili la nini, baba Chausiku?"

Ningeweza kusema la sokoni.
Nimezima redio.
"Kaa kwanza," nimemwambia,
nikageuka kumtafutia pa kukaa,
na mimi fundi, miaka kumi na tisa kwenye kazi hii,
nyumba nzima sikuona stuli.